Mwongozo Kamili wa Kuchagua Fani ya Kubobea Chuo Kikuu Nchini Tanzania

Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida mwezi Julai, na muda mfupi baadaye dirisha la udahili wa vyuo vikuu hufunguliwa. Katika majuma hayo machache kijana anatakiwa aamue jambo litakalomshughulisha kwa miaka mitatu hadi mitano ya masomo na pengine kwa maisha yake yote ya kazi, huku orodha anayoifahamu ikiwa na majina matano tu: udaktari, uhandisi, sheria, uhasibu na ualimu. Vyuo vyetu hufundisha fani nyingi mno kuliko hizo, na nyingine zinahitajika sana lakini hazitajwi darasani wala mezani nyumbani. Mwongozo huu unaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kuzitafuta fani hizo, kuzipima na kuziomba. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Tanzania, na kwa ajili ya mzazi au mlezi anayekaa naye kushauriana.

Hatua ya kwanza: jua milango ambayo alama zako zimeifungua

Kabla ya kusoma maelezo ya chuo chochote, andika alama zako kwenye karatasi na uzigeuze kuwa pointi. Kwa udahili wa shahada ya kwanza, A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2, E pointi 1, na S nusu pointi. Kiwango cha chini cha jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla isiyopungua pointi 4. Neno muhimu ambalo wengi huliruka ni kwamba masomo hayo mawili hayachaguliwi na mwombaji. Huchaguliwa na programu yenyewe.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa PCM aliyepata C ya Kemia, D ya Fizikia na E ya Hisabati. Ana jumla ya pointi 6 katika masomo matatu, na akihesabu hivyo anaweza kudhani kwamba shahada zote za uhandisi zimo mikononi mwake. Lakini programu inayotaka Hisabati na Fizikia itamhesabia pointi 3 tu, na ombi lake litaanguka. Programu inayotaka Kemia na Fizikia itamhesabia pointi 5, na huko atashindana na wenzake bila wasiwasi. Mwanafunzi ni yuleyule na cheti ni kilekile. Tofauti ni masomo ambayo programu imeyaweka kuwa msingi wake.

Baada ya hapo, rudi kwenye cheti cha kidato cha nne. Programu kadhaa huweka sharti la ziada, kwa mfano ufaulu wa Hisabati au Kiingereza katika ngazi hiyo, au ufaulu wa Hisabati Tumizi ya Msingi, maarufu kama BAM, katika kidato cha sita. Kwa shahada ya udaktari wa binadamu, masomo yote matatu, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, yanahesabiwa, na E moja yaweza kumzuia mwombaji mwenye alama nzuri kwingineko. Masharti haya yote yameandikwa katika mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Soma toleo la mwaka wako, kwa sababu masharti hubadilika, na usitegemee picha ya ukurasa iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Wanaosoma tahasusi mpya zilizoanzishwa baada ya mageuzi ya mwaka 2024 wana sababu kubwa zaidi ya kuwa waangalifu. Programu fulani yaweza kuwa bado inataja masomo ya tahasusi za zamani, na swali la iwapo somo lako linakubalika halina budi kuulizwa ofisi ya udahili ya chuo kwa maandishi, mapema, kabla ya kulipa ada ya maombi.

Hatua ya pili: panua orodha

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mwingi kuliko zote, na ndiyo inayopewa muda mdogo. Njia nzuri ya kuiendea ni kuacha kwanza majina ya shahada na kuitazama kazi kubwa moja inayofanyika nchini, kisha kuuliza ni nani na nani wanahitajika ili ikamilike.

Tuchukue bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Wengi hudhani kwamba kazi kama hiyo ni ya wahandisi wa mafuta peke yao. Kabla ya bomba la kwanza kufukiwa, wapima ardhi walihitajika kuweka alama za njia, na wathamini walihitajika kukadiria fidia ya mashamba, nyumba na miti ya watu. Wataalamu wa mazingira hutathmini athari kwa mito, misitu na wanyama. Wanaakiolojia hukagua njia ili mabaki ya kale yasiharibiwe, na wanasosholojia hufuatilia maisha ya familia zinazohamishwa. Wanajiolojia huchunguza miamba na udongo. Mafuta yale huganda yakipoa, kwa hiyo bomba linapaswa kupashwa joto njia nzima, na hapo huingia wahandisi wa kemikali, wa umeme na wa mitambo. Wapo wanasheria wa mikataba na wataalamu wa bima pia, na huko Tanga wapo wataalamu wa bandari na usafiri wa majini. Kila mmoja wa hawa alikaa chuoni akasomea jambo lake mahsusi.

Ukishaona hivyo, anza kuvipitia vyuo kwa jicho jipya. Taaluma za ardhi na majenzi makao yake makuu ni Chuo Kikuu Ardhi, jijini Dar es Salaam. Pamoja na usanifu majengo, ambao wengi wanaufahamu, hapo husomwa ukadiriaji majenzi, upimaji ardhi, usimamizi na uthamini wa ardhi, mipango miji, uhandisi wa mazingira na usanifu wa mandhari. Mwanafunzi wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) au PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) asikiaye kwamba "Jiografia haina kazi" aanzie hapa.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, ni mfano ulio wazi zaidi wa upana ninaouzungumzia. Watu husema "amekwenda kusoma kilimo" kana kwamba kilimo ni somo moja. SUA ina tiba ya mifugo, misitu, usimamizi wa wanyamapori, ufugaji wa samaki, kilimo cha mboga na matunda, uchumi kilimo, uhandisi wa umwagiliaji, usimamizi wa nyanda za malisho, bioteknolojia, lishe ya binadamu, na sayansi na teknolojia ya chakula. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na fangasi wanaoota kwenye nafaka, hasa isipokaushwa na kuhifadhiwa vema. Kuzuia janga kama hilo kunahitaji mtu anayejua maabara ya chakula, mwingine anayejua uhandisi wa ghala na mashine za kukausha, mwingine anayejua lishe, na mwingine anayejua kuzungumza na mkulima kijijini akaeleweka. Fani zote nne zinasomwa nchini, na kwa maoni yangu zinastahili heshima ileile tunayompa daktari anayempokea mgonjwa aliyekwisha kudhurika.

Katika afya vilevile, udaktari ni mlango mmoja tu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha pia famasia, udaktari wa meno, uuguzi, afya ya mazingira, sayansi ya maabara na tiba ya mionzi. Fikiria Taasisi ya Saratani Ocean Road: mashine ya mionzi haina faida kwa mgonjwa asipokuwepo mtaalamu wa kuiendesha na mwingine wa kukokotoa kipimo sahihi cha mionzi. Moshi, katika viunga vya hospitali ya rufaa ya KCMC, wanafundishwa wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi, pamoja na wataalamu wa fiziotherapia. Mwanafunzi wa PCB mwenye mikono ya ufundi, anayependa Baiolojia lakini pia anapenda kutengeneza vitu, anaweza kuishi miaka yote ya sekondari bila kusikia kwamba fani ya viungo bandia ipo.

Upande wa usafiri, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kina matengenezo ya ndege na usimamizi wa usafirishaji, na Chuo cha Bahari Dar es Salaam kina uhandisi wa meli. Wapenda wanyamapori wana Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Chuo Kikuu cha Ushirika kipo Moshi, na Chuo cha Maji kipo Dar es Salaam. Vyuo hivi vidogo vilivyojikita katika jambo moja husahauliwa kwa sababu havina jina kubwa, ilhali waajiri wa sekta husika huvijua vizuri.

Wanaopenda hesabu lakini hawataki uhandisi watazame takwimu na akchuari. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Kuipanga kazi hiyo, kuikagua na kuitafsiri kwa ajili ya shule, zahanati na barabara ni kazi ya watu waliosomea takwimu, na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichopo Dar es Salaam kimekuwa kikiwaandaa wa aina hiyo kwa ajili ya nchi kadhaa za Afrika. Akchuari ndiye anayekokotoa kiasi ambacho mfuko wa pensheni au bima unapaswa kukusanya leo ili uweze kulipa madai ya miaka 30 ijayo. Ni fani ngumu, na mitihani yake ya kitaaluma huendelea baada ya shahada, lakini kijana aliyepata A ya Hisabati anapaswa angalau kujua kwamba ipo.

Nimebakisha lugha, historia na sanaa, na sitaki zichukuliwe kuwa kimbilio la waliokosa kwingine. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafundisha isimu, fasihi na tafsiri. Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, lugha yetu imezidi kutajwa katika mikutano ya kimataifa, na mikutano hiyo inahitaji wakalimani na wafasiri waliofundishwa kazi hiyo. Akiolojia nayo ina uwanja wake hapahapa, kuanzia Bonde la Olduvai, ambako fuvu la Zinjanthropus liligunduliwa mwaka 1959, hadi magofu ya Kilwa Kisiwani. Ni haki vijana wetu wawe miongoni mwa wanaozichimba na kuzieleza historia hizo.

Mwisho wa hatua hii uwe na orodha ya programu kumi hivi zinazokubaliana na alama zako, angalau nne kati ya hizo zikiwa ni zile ambazo hukuzijua mwezi uliopita.

Hatua ya tatu: ingia ndani ya shahada

Jina la shahada halitoshi. Tafuta katika tovuti ya chuo, au katika kitabu cha maelezo ya programu, orodha ya kozi za kila mwaka, ukiangalia zipi ni za lazima na zipi ni za hiari. Soma hasa kozi za mwaka wa pili na wa mwisho, kwa sababu mwaka wa kwanza wa shahada nyingi hufanana: hesabu za msingi, stadi za mawasiliano, kompyuta, maendeleo. Ubobezi wenyewe huonekana baadaye.

Linganisha programu zenye majina ya karibu. Sayansi ya mazingira na uhandisi wa mazingira ni majirani kwa jina, lakini ya kwanza huelekea zaidi kwenye ikolojia, sera na tathmini, wakati ya pili ina hesabu nyingi na usanifu wa mifumo ya maji safi na majitaka, na mhitimu wake anaweza kuomba usajili wa uhandisi. Uchumi na uchumi kilimo, jiolojia na uhandisi wa migodi, sayansi ya kompyuta na uhandisi wa kompyuta, zote zinataka kusomwa bega kwa bega namna hiyo.

Angalia pia mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi. Uliza hufanyika mwaka gani, huchukua wiki ngapi, na ni nani anayemtafutia mwanafunzi nafasi. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa programu hiyo, kaka au dada kutoka shule yako ya zamani, umwombe akueleze wiki yake moja ya kawaida: anaamka saa ngapi, vipindi vingapi ni vya maabara, ni kozi gani inayowarudisha wengi mtihani. Dakika 20 za mazungumzo hayo zina thamani kuliko kurasa nyingi za matangazo.

Hatua ya nne: uliza ni nani atakayekuruhusu kufanya kazi

Katika fani nyingi cheti cha chuo hakikupi ruhusa ya kufanya kazi; ruhusa hutoka kwa bodi au baraza la taaluma. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi baada ya kipindi cha kufanya kazi chini ya uangalizi. Mhitimu wa udaktari, baada ya miaka mitano ya masomo, hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini kabla ya usajili kamili wa Baraza la Madaktari. Wafamasia wana baraza lao, wauguzi na wakunga wana lao. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi moja ya pamoja, wathamini wana yao, na mhasibu anayetaka kutambulika kikamilifu hufanya mitihani ya NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili hana budi kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo.

Hapa kuna mambo mawili ya kufanya. Kwanza, hesabu muda wote, si miaka ya chuo peke yake, na umweleze mzazi au mlezi wako mapema, maana gharama za kipindi hicho cha baada ya shahada hazimo katika mkopo wa shahada ya kwanza. Pili, hakikisha kwamba programu yenyewe ina ithibati ya TCU na kwamba bodi ya taaluma husika inaitambua. Ukiuliza na chuo kikakwepa kujibu, iondoe programu hiyo kwenye orodha yako bila kusita.

Hatua ya tano: fedha

Kazi ya fedha ianze kabla ya matokeo kutoka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea maombi kwa njia ya mtandao, na nyaraka ndizo zinazowakwamisha wengi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kwa Tanzania Bara, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa Zanzibar, na cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki vilevile. Linganisha jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa na lile lililo kwenye cheti cha mtihani, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, shughulikia marekebisho sasa, kwa sababu mchakato wake hauwezi kuharakishwa wakati dirisha limebakiza siku tatu.

Mkopo hutolewa kwa kuangalia hali ya familia na vipaumbele vya fani, na mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Usiichague fani kwa sababu tu ina kipaumbele cha mkopo, wala usiipuuze habari hiyo kama huna njia nyingine ya kulipa ada. Waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi watazame pia Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Fedha za kujikimu, zile ambazo wanafunzi huziita bumu, aghalabu huchelewa mwanzoni mwa muhula wa kwanza, hivyo familia iweke akiba ya chakula na malazi ya majuma ya mwanzo.

Hatua ya sita: kuomba na kuthibitisha

Maombi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo kupitia mfumo wake. Panga machaguo yako kwa mchanganyiko: programu ambayo ushindani wake unakuzidi kidogo, mbili au tatu zinazolingana na alama zako, na moja ambayo una uhakika nayo na ungeisoma kwa moyo mkunjufu. Neno hilo la mwisho ni la kweli. Usiweke chaguo ambalo ukipangiwa utalia. Mtu asikujazie fomu kwa malipo ukamwachia nywila yako, kwa kuwa wapo wanafunzi waliokuta machaguo yao yamebadilishwa.

Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa kutumia namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako. Laini uliyojisajilia ibaki mikononi mwako, yenye chaji na mtandao. Asiyethibitisha ndani ya muda hupoteza nafasi, na asiyechaguliwa awamu ya kwanza asikate tamaa, kwani awamu ya pili hufunguliwa na programu nyingi za fani zisizojulikana sana huwa bado zina nafasi.

Asiyefikisha pointi 4 ana njia mbili za kweli. Anaweza kusoma stashahada katika fani ileile aitakayo, na akihitimu na GPA, yaani wastani wa alama zake za masomo, isiyopungua 3.0 ataomba shahada kwa sifa linganifu. Katika maabara, uuguzi na ufundi, mtu wa njia hii huingia chuo kikuu akiwa tayari anaijua kazi. Au anaweza kujiunga na kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, yenye kigezo hichohicho cha GPA.

Aliyekwisha kuripoti akagundua kwamba programu si aliyoitarajia asikae kimya muhula mzima. Kuna kipindi kifupi mwanzoni mwa mwaka wa masomo ambapo uhamisho kutoka programu moja kwenda nyingine, au chuo kimoja kwenda kingine, huruhusiwa, mradi nafasi ipo na sifa zinatosha. Aende ofisi ya udahili katika juma la kwanza akiwa na vyeti halisi, barua ya maombi na ushahidi wa usajili, na aiarifu Bodi ya Mikopo kuhusu badiliko hilo ili malipo yake yasibaki katika chuo au programu aliyoihama.